Fizikia ya Kingolwira

Nilikuwa Kingolwira kwa dada yangu, pale kabla hujaingia Morogoro mjini ukitokea Dar. Nilikwenda kupumzika, nikaishia kukagua madaftari.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Fizikia kapata 31. Nikamwuliza, "Hapa ulikosea wapi?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Si nimekosa tu, mjomba."

Jibu hilo nalijua. Nami nilikariri hadi nukta, tena kwa Kiingereza ambacho sikukielewa, kisha nikakimbilia masomo ya sanaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilifikirije hadi nikafika kwenye jibu. Ukiuliza swali la ajabu darasani, wenzako wanacheka na mwalimu anaongoza kicheko.

Nikamsimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe ili atengeneze aiskrimu. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa! Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Yeye akalibeba swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, ambako mwalimu alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, kisha akamwuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakacheka tena. Osborne akaagiza jambo hilo lipimwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima wasilione jambo hilo. Mimi sijali sana nani kashinda. Kijana aliona kitu, akakataa kujidanganya kwamba hakukiona.

Basi tukaomba nafasi kwenye friji ya jirani anayeuza barafu. Vikombe viwili, maji ya moto na ya baridi. Kabla ya kufunga mlango nikamwambia mpwa aandike anachodhani kitatokea, na kwa nini. Kwa Kiswahili. Akajaza nusu ukurasa, yeye ambaye kwenye mtihani aliandika mstari mmoja.

Saa moja usiku umeme ukakatika. Maji hata hayajaanza kuganda. Nilidhani atanuna. Akawasha tochi ya simu, akaongeza: "Bado sijui. Kikombe cha baridi kiligusa ukuta wa friji, kwa hiyo hata kingeshinda nisingejua sababu. Kesho naviweka sawa."

Dada akasoma begani kwake, akanigeukia. "Sasa hiyo nayo ina maksi?"

Nikakaa kimya. Mtihani wa taifa ni mwisho wa mwaka.