Mguu wa Nne

Fundi wangu tulimzika mwezi uliopita. Kabatini mwake nilikuta kile kisanduku cha kuandikia chipu, plagi yake ya pini 25 bado inang'aa, na ugomvi wetu wa 2003 ukanirudia wote.

Ya utotoni ni machache: Tanga, redio ya baba niliyoifungua nikashindwa kuifunga, chuo cha ufundi, kisha karakana ya Kariakoo. Humo ndimo nilimokutana naye.

Kwenye Windows 98 tuliandika PIC16F84 kwa IC-Prog bila tabu. Programu ilikwenda yenyewe hadi poti ya printa, anwani 378, ikatikisa waya mmoja mmoja. Ikaja kompyuta mpya yenye XP, kisanduku kikafa. XP hairuhusu programu kuigusa poti mpaka draiva isimame katikati.

"Ni draiva, Mzee."

"Bwana mdogo, pima kwanza."

Sikupima. Niliweka draiva, taa ya kisanduku ikaanza kucheza, nikatamba. Lakini kila chipu iligoma palepale mwanzoni, anwani 0000. Mzee hakusema neno. Akaweka ncha nyeusi ya mita mguu wa tano, nyekundu mguu wa nne: volti 11.4. Chipu ile haikubali kuandikwa mpaka mguu huo upate kama 13. Yeye alizipata kwa 7812 aliyoiinua kwa daiodi mbili kwenye mguu wa hasi, kila moja ikiongeza kama volti 0.6, na regileta hiyo hutaka volti mbili zaidi upande wa kuingilia. Adapta iliyokuwa ikilegea niliileta mimi, ya bei poa.

Miaka yote akawasimulia wateja kwamba kijana alidhani ni Windows. Sawa. Ila hakuwahi kusema kwamba volti za mguu wa nne huwashwa na kompyuta. Bila draiva yangu, mita yake ingesoma nini?

Juzi mwanafunzi wangu kaja na waya wa USB wa kugeuza kuwa poti ya printa. Nyinyi vijana mnaona plagi ikiingia mnadhani kazi imekwisha! Waya ule unajua printa tu, hauna 378. Programu inabisha hodi kwenye kiwanja kitupu.

Nikampa kisanduku cha marehemu, adapta nzima na mita. Akapima mguu wa nne.

Sifuri.