Rivolva za Kirigiti, bunduki za Bunia

Kirigiti, Kiambu. Siku ya mashindano magari hujaa mapema kando ya uwanja wa shabaha, utadhani kuna mahari inapelekwa. Wanaoshuka ni mawakili, madaktari, wenye maduka ya vipuri, na akina mama wa makamo waliovaa vizibao vyenye mifuko mingi. Kizibao kina kazi yake. Kwa kanuni za IDPA, mchezo ulioanzishwa Marekani mwaka 1996, bastola hukaa kiunoni ikiwa imefichwa, kama raia mwenye leseni anavyoificha mjini. Kisaa cha msimamizi kikilia ndipo unaposukuma nguo kando, unachomoa na kufyatua.

Wengi hutumia bastola za magazini. Mimi niliwafuata wale wachache wa rivolva. Kituo kimoja cha mchezo kinaweza kudai risasi hadi 18, na wao wanaruhusiwa kutia sita tu, kwa hiyo hujaza upya mara mbili wakati saa inakimbia. Nilisimama nyuma ya mzee mmoja nikamtazama mikono. Risasi ya sita ilipolia, bastola ilihamia mkono wa kushoto, silinda ikasukumwa nje, mtutu ukaelekea juu. Akapiga fimbo ya kutolea kwa kiganja, maganda sita yakamwagika kwenye kokoto. Kidude cha duara kinachoshika risasi sita kwa pamoja kikaingia, kikazungushwa, silinda ikafungwa, akaendelea. Kila pointi unayopoteza huongezwa sekunde moja kwenye muda wako, kwa hiyo mbio bila shabaha hazimsaidii mtu. Alimaliza karibu na mkia, akarudi kivulini anacheka peke yake.

“Ya magazini ni ya kushinda, kijana wangu,” aliniambia huku akisugua silinda kwa kitambaa chenye mafuta. “Hii ni ya roho yangu.”

Watu hawa wana mapenzi ya kweli, na sioni haja ya kuwadhihaki. Wanaweza kubishana saa nzima juu ya uzito wa triga. Huyu mzee anawajua ndugu wawili Nagant wa Liège kama wengine wanavyowajua wachezaji wa Gor Mahia: kwamba jeshi la Ubelgiji lilianza kutumia rivolva yao mwaka 1878, na kwamba ile waliyowatengenezea Warusi mwaka 1895 ina risasi saba, na silinda yake husogea mbele kuubana mtutu ili moshi usivuje. Aliposikia ninaelekea Kongo macho yalimng'aa. Kwa hesabu yake, maofisa wa Kibelgiji walitawala kule miaka mingi, kwa hiyo lazima Nagant moja imesahaulika kwenye sanduku la mtu. Hakutaka niilete, maana anaijua sheria. Alitaka nimwambie tu kwamba nimeiona.

Bunia, mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Boulevard de la Libération. Dhahabu inayotoka Mongbwalu hupimwa hapa kwenye vyumba vidogo vyenye mizani, na mlangoni hukaa askari polisi na AK mapajani. Yule niliyezungumza naye alikuwa ameufunga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye kitako kilichopasuka. Rangi ya chuma ilikuwa imekwisha kabisa pale kiganja kinaposhika, na mkanda ulikuwa kamba ya katani. Nikamuuliza kama anaipenda.

“Iko ya serikali, papa. Miye niko naibeba tu.”

Nikamuuliza kama amewahi kushika bastola ya silinda, inayobeba sita. “Ile ya filimu?” akasema, akacheka, akanirudishia sigara niliyompa kwa sababu yuko kazini.

Niliuliza kwingine, kwa adabu na bila daftari mkononi, kwa kuwa mgeni anayeulizia silaha Bunia huulizwa yeye kwanza. Rivolva sikuiona wala sikusikia mtu anayeitamani. Sababu moja ni risasi. AK hula risasi ileile katika karibu kila jeshi na kila kundi lililopita Ituri. Ikikwisha kwako, iko kwa jirani au kwa adui. Rivolva yataka duka, na duka lataka kitabu cha kuandika nani amenunua ngapi. Aliyekimbia vita Bogoro Februari 2003 au aliyejificha mtaa wa Mudzipela Mei ya mwaka huohuo hakuwa na duka wala kitabu. Silaha alizoziona zilifika kwa malori na ndege, zikagawiwa.

Zikagawiwa hata watoto. Huko Rwampara, nje kidogo ya mji, Februari 2003 Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la UPC, alichukuliwa video akiwahutubia waliokuwa wakifunzwa vita, wengine wadogo mno, na miaka baadaye picha hizo zikawa ushahidi dhidi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague. Mwaka 2012 alihukumiwa miaka 14. Kirigiti nilimsikia baba akimkatalia mwanawe wa miaka kumi na mitatu kugusa hata ganda tupu.

Juni 2003 kilipoingia kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa, Operesheni Artemis, amri iliyokumbukwa kuliko zote ilikuwa kwamba silaha zisionekane mjini. Watu wazima wa Bunia bado huizungumzia amri hiyo kama wengine wanavyozungumzia mvua ya kwanza kunyesha, ingawa wanaongeza haraka kwamba silaha zilihamia tu vijijini au zikazikwa. Katika mpango wa kusalimisha silaha wa 2004 na 2005 walijitokeza wapiganaji zaidi ya 15,000. Bunduki zilikuwa pungufu kuliko watu, na nyingi zilikuwa mbovu. Nzima zilibaki mahali fulani, na makundi yaliyokuja baadaye, CODECO na mengine, hayakuanza mikono mitupu.

Kisheria raia wa Kongo anaweza kumiliki bunduki kwa kibali. Sheria ni ya Septemba 1985, enzi za Mobutu. Lakini tangu Mei 2021 Ituri inatawaliwa na gavana mwanajeshi, na mwindaji mwenye kalibre 12 aliyorithi kwa baba yake huitoa nyumbani kwa hesabu kali. Huyo ndiye mtu pekee niliyemwona huko akiigusa silaha yake kwa mapenzi. Hana fasheni wala klabu. Ana nyani wanaomlia mahindi.

Ni rahisi kutoka hapa ukidhani Wakenya wamestaarabika na Wakongo wana hulka ya vita. Upuuzi. Oktoba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Nyeri, na shtaka lililompeleka kitanzini Februari 1957 lilikuwa kupatikana na rivolva, Webley Scott ya .38, pamoja na risasi sita. Kiambu hiyohiyo wakati ule Mwafrika kuonekana na chuma kile bila kibali kulikuwa kifo. Leo mjukuu wa kizazi kile anashindania kombe nacho Jumamosi. Chuma hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni daftari: jina la nani limeandikwa, na anayeliandika ni nani. Daftari lenyewe halikosi mashaka. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Kenya iliwaamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya, kwa hofu kwamba baadhi ya leseni zilitolewa kiholela. Na wenye leseni nao hukukumbusha kwamba Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, baadhi ya waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa raia na bastola zao. Ni kweli. Hilo nalo linahitaji daftari, la sivyo polisi anayefika hajui ampige nani.

Nizwa, Oman, nimeona aina ya tatu ya silaha. Wazee hununua na kuuza Martini-Henry za karne ya 19 kando ya soko la mbuzi, wakizichungulia mtutuni kama bunduki zitatumika kesho, ilhali kazi yake siku hizi ni kuinuliwa juu kwenye ngoma za sherehe. Silaha iliyostaafu. Bunia hakuna iliyostaafu bado.

Hayo nilimsimulia mzee mmoja wa mtaa wa Nyakasanza, Bunia, mwalimu mstaafu, tukinywa chai barazani. Alisikiliza habari za Kirigiti kwa uvumilivu, akaniuliza huyo rafiki yangu anaziweka wapi bastola zake usiku. Kwenye sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, nikasema. Na leseni anatoa nani? Kuna bodi, nikasema, na polisi humchunguza mtu kabla.

“Na bapolisi bale, banalipwaka kila mwezi?”

Nikamwambia kila mwezi, hata kama hulalamika kwamba ni kidogo. Akageuka kuelekea ndani ya nyumba, akamwita mwanawe kwa sauti: “Kuya hapa! Kuya usikie habari ya Kenya.”