Ndege Kwenye Kitambaa cha Susu

Oda ilikuwa ya kurasa saba. Mwanafunzi fulani huko Uingereza, mtu ambaye sitawahi kumwona, alitaka insha kuhusu kitambaa cha Bayeux: je, ni sanaa au ni kumbukumbu ya historia? Muda, saa 24. Malipo, shilingi 300 kwa ukurasa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kutosha, na tangu hapo ninaandikia watu wengine nikiwa hapa Masii, kwenye meza ya Susu, nikiomba stima isipotee. Nimeandika kuhusu uuguzi, sheria za bahari, hata saikolojia ya mbwa. Jina langu halipo popote. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na vijana wengi Kenya hii wanaijua kunishinda.

Hicho kitambaa sikuwa nimewahi kukisikia. Nikanunua bando, nikaanza kusoma.

Hebu fikiria kipande cha kitani chenye urefu wa karibu mita 70 na kimo cha nusu mita tu. Ni vipande tisa vilivyounganishwa, na juu yake mtu ametarizi kwa nyuzi za sufu jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari mwaka 1066 akamnyang'anya Harold ufalme wa Uingereza. Wazungu wanakiita tapestri, lakini si tapestri. Tapestri hufumwa, picha na kitambaa vikizaliwa pamoja. Hiki ni kazi ya sindano, mshono mmoja baada ya mwingine, kama vitambaa vya viti vya sebuleni kwenu.

Na kimejaa vitu. Kuna farasi, mashua, wapishi wanaochoma nyama kabla ya vita. Kuna maneno mafupi ya Kilatini juu ya picha, yanayokwambia nani ni nani. Kwenye ukingo wa juu na wa chini kuna wanyama, wakulima wanaolima, na vita vinapochacha, ukingo wa chini unajaa maiti. Mahali pamoja nyumba inachomwa moto, na mwanamke anatoka akiwa amemshika mtoto mkono. Wanawake kwenye kitambaa chote wanahesabika kwa vidole. Huyo ni mmoja wao, na hajatajwa jina.

Sasa, ni kumbukumbu au ni sanaa? Chukua nyota yenye mkia, ile ya Halley. Ilionekana kweli mwaka 1066, mwezi wa Aprili. Harold alitawazwa Januari. Lakini kwenye kitambaa nyota inatokea papo hapo baada ya kutawazwa, watu wakiinyooshea vidole, kana kwamba mbingu zenyewe zimekataa matokeo. Nyota ni ya kweli. Mpangilio ni wa mshindi. Wanahistoria wengi wanaamini aliyeagiza kazi hii ni Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama, na ukiangalia vizuri utamwona Odo mwenyewe kwenye picha, amepanda farasi, anawatia vijana moyo. Aliyelipa ametokea. Walioshona, ambao inaaminika walikuwa Waingereza, watu wa upande ulioshindwa, hatuwajui hata mmoja.

Hapo nilisimama kidogo. Bosi anaonekana, fundi haonekani. Hiyo nilikuwa naijua bila kusoma.

Insha niliimaliza alfajiri. Nikaandika kwamba ni sanaa na kumbukumbu pia, na kwamba huwezi kuvitenganisha bila kuharibu vyote viwili. Nikatuma. Wiki hiyohiyo shangazi akaleta viti vipya kutoka Machakos, vile vikubwa vya rangi ya kahawia vinavyofanana na ngozi, na akatangaza kwamba vitambaa vya Susu havina kazi tena. Vikatupwa ndani ya karai viwe matambara ya kupangusia.

Kama umekulia nyumba ya Kenya, unavijua vitambaa hivyo. Kimoja mgongoni mwa kila kiti, kingine juu ya redio, kingine ukutani chenye maneno ya kumkaribisha mgeni au kumshukuru Mungu. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, chini ya serikali ya mkoloni, na katika vikundi vyake akina mama walifundishwa usafi, upishi na kazi ya sindano. Makanisa nayo yalifundisha. Susu alijifunzia kwenye kikundi cha kanisa, miaka ya sitini, akiwa ameolewa juzi tu. Mwalimu alikuja na mifano ya kuiga: waridi, kikapu cha matunda, bata wawili. Kwa hivyo karai lilikuwa limejaa waridi na bata.

Lakini chini kabisa palikuwa na kitambaa kimoja cha amerikani, kimegeuka rangi ya chai, nilichokuwa nimekiona utotoni bila kukitazama. Katikati ni ndege. Si ndege wa mwituni, ni ndeke, eropleni, ya uzi wa buluu, mabawa yake hayalingani. Chini ya tumbo lake kuna vibonge vinne vya kahawia. Chini zaidi, msichana ameinua mikono yote miwili, na kando yake kyondo. Na maandishi: NDEKE 1961, herufi N ya kwanza ikiwa imegeuzwa kinyume.

Sisi Wakamba tuna kalenda ambayo shule haikutufundisha. Kila njaa ina jina. Ile ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa na pesa nimeshika mkononi, kwa sababu pesa watu walikuwa nazo ila chakula cha kununua hakikuwepo. Ya 1961 ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilidondoshwa kutoka angani. Ukame uliua mifugo, halafu mwisho wa mwaka huohuo yakaja mafuriko, barabara zikakatika. Yote hayo yako vitabuni, nenda utayapata. Ila vitabuni hutapata msichana aliyeinua mikono.

Nikamwuliza Susu kama huyo ni yeye.

"Aka, si mimi," akasema. "Mimi ndege sikuiona. Nilikuwa ndani, naumwa. Nilisikia tu mlio, nikafikiri ni mvua. Aliyeona ni dada yangu. Alirudi akikimbia, akaniambia ilivyokuwa, na mikono yake ilikuwa hivyo."

Akainua mikono yake, kidogo, kadiri mabega yanavyomruhusu siku hizi.

Dada huyo aliolewa upande wa Kitui, akafariki akijifungua, mwaka ambao Susu alikuwa bado anajifunza kutarizi bata. Hakuwahi kupigwa picha. Hakuna kitambulisho, hakuna cheti, hakuna hata ile picha ya kanisa ambayo watu wote wamekunja uso kwa jua. Mwalimu alipowaambia wiki moja kila mtu ashone anachotaka, Susu alishona hicho.

Kwa hivyo hesabu mwenyewe. Aliyeshona hakuona. Ndege yenyewe inaelekea haikuwa ya buluu. Uzi wa buluu ndio uliokuwepo. Ukikipeleka kitambaa hiki mbele ya mwanahistoria mkali atakifanyia yale wanayofanyia cha Bayeux: atauliza nani alisimulia, nani alisikia, miaka mingapi ilipita katikati. Ni maswali ya haki. Walioshona kile cha Bayeux nao hawakuwa uwanjani siku ya vita, kuna mtu aliwasimulia. Lakini mimi nikiulizwa dada ya Susu alikuwa nani, ushahidi wote duniani ni nyuzi hizi. Hapa swali la sanaa au kumbukumbu linakosa maana. Kama asingeshona, kusingekuwa na cha kubishania.

Na kitambaa chochote kinaweza kuishia karai. Mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kile cha Bayeux kilichukuliwa kifunike mizigo ya gari la jeshi, hadi wakili mmoja wa mji huo akakiokoa. Leo kinahesabiwa hazina ya dunia. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kitapelekwa London kwa maonyesho ya British Museum. Afrika Kusini, wanawake wa kijiji cha Hamburg, Rasi ya Mashariki, walichukua wazo hilo wakatarizi historia ya watu wao wenyewe, mita 120, ikatundikwa Bungeni Cape Town. Inaitwa Keiskamma. Kwa hivyo sindano haikufundishwa waridi peke yake. Inategemea mwenye kuishika ameruhusiwa kusema nini, au amejiruhusu.

Nilimwambia Susu tuongeze jina la dada yake, hapo chini ya miguu. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini mimi ningeshona, yeye aniongoze.

Akakataa. "Usikiguse. Nilikimaliza."

"Lakini hakuna anayejua ni nani."

"Wakati ule nani hakumjua?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Wewe si unaandika kila usiku? Unaandikia nani?"

Sikuwa na jibu ambalo lingemwingia kwa Kikamba.

Shangazi na viti vyake hatukugombana. Waridi na bata walienda kupangusa vumbi, na kusema kweli wanapangusa vizuri. Kile cha ndege nimekifua kwa maji baridi, nikakianika kivulini, nikakitundika ukutani karibu na kalenda. Kisha nikachukua karatasi, nikamwuliza Susu maswali moja moja, nikaandika jina la dada yake, mahali alipozaliwa, alikoolewa, alichokiona mwaka 1961, na jina la aliyeshona. Mwisho nikaandika jina la aliyeandika. Nikaikunja mara mbili, nikaibana nyuma ya kitambaa kwa pini.