Filamu ya Idi na Adabu ya Hodi



Kila Idi ikipita, simu za nyumba zetu hubaki zimejaa. Kuna takbira za alfajiri, watoto wakipimishwa kanzu, sinia ya biriani ikifunuliwa, bembea za Makadara, na nyanya akiwaombea dua wajukuu waliomzunguka. Ni vipande arubaini au hamsini, kimoja cha nusu dakika, kingine cha dakika sita, na baada ya miezi mitatu hakuna anayevitazama. Ndiposa mama zetu na dada zetu hutuuliza: ni programu ipi iliyo rahisi ya kuviunganisha viwe filamu moja ya familia? Swali hili ni jema, nasi tumejaribu programu kadhaa kabla ya kulijibu.

Anayeanza hahitaji mengi. Kazi zake ni nne: kukata pasipohitajika, kupanga vipande kwa mfuatano, kusawazisha sauti, na kuandika maneno machache, kama vile siku na mahali. Programu ifanyayo hayo manne bila kumsumbua yatosha. Nyota zinazomeremeta na picha zinazozunguka hupendeza siku ya kwanza na kuchosha siku ya pili.

Mwenye iPhone asitafute mbali. iMovie ya Apple hupatikana bila malipo, haibandiki nembo juu ya picha, na hufanya kazi hata bando likiisha. Mwenye simu ya Android aweza kuanza na VN, ambayo nayo haichafui picha kwa nembo. InShot ni nyepesi kujifunza, ila toleo lake la bure hubandika jina lake pembeni, na kuliondoa moja kwa moja kwahitaji malipo. CapCut ina violezo vingi na vijana waipenda. Yafaa kujua kwamba ni ya ByteDance, kampuni yenye TikTok, na kwamba baadhi ya huduma zake hufanyika katika mitambo ya kampuni, nje ya simu yako. Kwenye tarakilishi ya Windows 11 kuna Clipchamp ya Microsoft, inayotaka uingie kwa akaunti. Asiyetaka akaunti yoyote atumie OpenShot au Shotcut. Zote mbili ni za bure, na zikishawekwa hazihitaji intaneti.

Hata hivyo, urahisi ni nusu ya mizani. Suratun-Nur, katika aya ya 27, yatufundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizokuwa zetu. Wazee wetu wa pwani walilishika funzo hili hata hodi ikawa ni sehemu ya malezi. Leo mgeni aweza kuingia hadi jikoni bila kubisha, kwa sababu filamu ya dakika tano imemfungulia mlango. Katika nyumba moja tunayoijua, kijana alitengeneza filamu nzuri ya Idi Mosi akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Nyuma ya watoto waliokuwa wakicheza, kwa sekunde nne hivi, mama yake mdogo alipita akitoka jikoni, kichwa wazi. Kijana hakukusudia ubaya wowote. Lakini kabla ya magharibi wanaume wa mtaa walikuwa wameiona, naye mama yule hakutoka kwenda mwaliko wa Idi Pili.

Basi twamwomba anayeshika kazi hii, ambaye mara nyingi huwa ni binti wa nyumba, azingatie mambo machache.

Kwanza, atazame filamu yote akiangalia nyuma ya wahusika: mlangoni, dirishani, na kwenye kioo cha kabati. Jicho hufuata mtoto anayecheka likaacha anayepita. Aisikilize pia, kwani mazungumzo ya siri ya wakubwa hunaswa nyuma ya vicheko. Akiona lisilofaa, alikate. Kibandiko cha ua kilichowekwa juu ya kichwa huweza kubaki mahali pake huku mtu akisogea.

Pili, ajue kwamba kukata ndani ya programu hakufuti kipande cha asili. Programu hizi huchukua sehemu unayotaka tu, na picha kamili hubaki katika simu. Ikiwa simu huhifadhi picha zake kwenye Google Photos, nakala nyingine iko huko. Hata kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka: kwa iPhone siku 30 hivi, na kwa Google Photos hadi siku 60. Anayetaka sitara ya kweli na alimwage pipa pia.

Tatu, atengeneze filamu mbili. Moja ni ya wanawake na maharimu wao, ikae katika simu ya mama. Ya pili ni ya kutumwa. Wengi hudhani kundi la familia ni ndani ya nyumba, ilhali humo mna mashemeji na mabinamu. Aya ya 31 ya sura hiyo hiyo imewataja ambao mwanamke aweza kudhihirisha pambo lake mbele yao, na kundi la simu halikuongeza mtu katika orodha hiyo. Na kila mwanamke aonekanaye aulizwe kabla filamu haijatumwa. Hiyo ndiyo hodi ya zama hizi.

Jambo la mwisho ni sauti. Vijana hupenda kuzima maneno ya wazee na kumimina kasida filamu nzima. Kasida na iwekwe, kwa idhini ya mwenyewe, mwanzoni au mwishoni, lakini nyanya anapowaombea dua wajukuu, sauti yake iachwe peke yake. Akikohoa, akisahau jina la kitukuu, akicheka, msikate. Siku atakapokuwa ametangulia mbele ya haki, familia itaitafuta sauti ile kuliko picha zote za nguo mpya. Filamu ikikamilika, iwekwe nakala mbili, moja katika simu na moja kwenye flashi kabatini, na iandikwe mwaka wa Hijria.

Basi chagueni programu iliyo nyepesi, isiyohitaji akaunti wala intaneti ikiwezekana, na kazi mumpe aliye mwaminifu, kwani amekabidhiwa heshima ya nyumba nzima. Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na watu wa nyumba zetu, na atukutanishe katika Idi nyingine tukiwa na afya na imani. Amin.

Wabillahi tawfiq.