Baiskeli Baharini: Kutoka Mokowe Hadi Siyu

Katika visiwa vya Lamu, kila chenye gurudumu kimefika kwa kupakiwa chomboni. Hapana daraja baina ya Amu na bara, wala baina ya Amu na Pate. Barabara ya lami itokayo Garsen kupitia Witu, ambayo urefu wake ni kilomita 135 hivi, inakoma Mokowe ukingoni mwa maji, na hapo msafiri hukabidhiwa kwa manahodha. Mkokoteni, kiti cha mgonjwa, cherehani ya miguu, pikipiki, vyote vimevuka hivyo. Hata baiskeli, chombo ambacho kwingineko humbeba mtu, huku hupata zamu yake ya kubebwa.

Tumeandika haya kwa sababu tulipata amana ya kuipeleka baiskeli moja kutoka Mombasa hadi Siyu, kisiwani Pate. Mwenyewe ni binti wa dada yetu, aliyeolewa huko, naye hufundisha watoto wadogo Shanga, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Siyu. Saa moja kwenda na saa moja kurudi, mchangani, jua likiwa utosini, tena ana mtoto anyonyaye anayemwacha kwa mama mkwe wake. Pikipiki zipo, lakini kuikodi kila siku kungemeza sehemu kubwa ya ujira wake, na huo ujira si mkubwa hata kidogo. Alikuwa akiwaza kuacha kazi. Mumewe ndiye aliyetupigia simu akasema, "Khalati, mtafutieni baiskeli ya kike, mimi nitalipa kidogo kidogo."

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza kuhusu stara. Binti huyu alikwisha kuwauliza wazee wake na mwalimu wake, nao wakaridhia, basi sisi hatukuwa na la kuongeza. Tutasema tu tuliloliona kwa macho: Unguja, kuanzia Jambiani hadi Makunduchi, wanawake wenye mitandio yao huendesha baiskeli kwenda mashamba na sokoni, na wasichana huenda nazo skuli, wala hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Baiskeli ya kike haina bomba la juu la kuvuka kwa mguu, na ile tuliyoichagua ina bati zima la kufunikia mnyororo, ili buibui lisinaswe. Bati hilo ni muhimu kuliko kengele, rangi na kikapu, na anayenunua alitazame kwanza.

Safari ya basi haina mengi. Baiskeli ililazwa kwenye buti, chini ya magunia ya vitunguu, nasi tukailipia kama mzigo. Baada ya Garsen mabasi hukaguliwa, abiria hushuka na vitambulisho mkononi, na askari husindikiza msafara. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, watu wa njia ile wamezoea. Mama mmoja aliyekaa nyuma yetu alikuwa na uradi wake kimyakimya kutoka Minjila hadi Hindi.

Mokowe ndipo mambo yalipoanza. Mashua za injini za kuvukia Amu hujaa upesi, na kila chombo kina wapakizi wake. Wa kwanza alitaka nauli ya mtu mzima kwa baiskeli. Wa pili alitaka nusu. Wa tatu, kijana mwenye kofia ya kiua, aliitazama, akaiinua kwa mkono mmoja kuipima, akasema, "Hii ni nusu mtu, lakini nusu mtu asiyetapika." Tukacheka, tukalipa nusu. Baadaye tulipofikiri tuliona kwamba kipimo chake kilikuwa cha haki. Baiskeli ya chuma ina kilo 20 hivi, uzito wa mtoto wa miaka sita, ila hushika nafasi ya watu wawili ikiwa haikupangwa vizuri. Basi anayeipanga vizuri anastahili kulipa kidogo.

Na kupanga kwenyewe ni hivi. Usukani hulegezwa kwa spana na kugeuzwa ulale sambamba na gurudumu la mbele. Pedeli hung'olewa, maana ndizo zinazochana nguo na kuumiza miguu ya watu. Hapa kuna jambo linalowashinda wengi: pedeli ya kulia hufunguliwa kama skurubu ya kawaida, lakini ya kushoto ina hesi za kinyume, nayo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa pili. Anayelazimisha huharibu. Mnyororo huviringishiwa kanga kuukuu ili grisi isiwapate abiria, kisha baiskeli husimamishwa ubavuni, si katikati, ikafungwa kwa kamba mahali pawili.

Tulilala Amu. Mji huu ulijengwa kwa miguu ya watu na ya punda, na mtu hulifahamu hilo barabara anapojaribu kupita na baiskeli Usita wa Mui baada ya Alasiri. Punda aliyebeba mawe ya matumbawe hapishi baiskeli. Ni baiskeli inayobandikwa ukutani mpaka yeye apite. "Simile! Simile!" hupiga kelele mwenye punda, na jibu pekee ni kutii. Vichochoro vina ngazi na mifereji, na baadhi yake ni vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana ubavu kwa ubavu. UNESCO iliuorodhesha mji wa kale kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na sisi tunaona ni heri ukabaki na vichochoro vyake jinsi vilivyo. Baiskeli ina njia zake pwani ya mbele, na kuelekea Shela na Matondoni. Ndani ya mji hubebwa begani, au husukumwa kwa adabu.

Safari ya pili, kutoka Amu hadi Mtangawanda, haitazami saa ya ukutani. Chombo hupita mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, na humo maji yakipwa mashua hukwama kwenye tope, abiria wakabaki wakitazama mikoko mpaka maji yarudi. Kwa hiyo hung'oa nanga maji yakijaa, iwe alfajiri au adhuhuri. Siku za bamvua nafasi ni kubwa; siku za maji mafu nahodha huwa na haraka na hasira. Tuliambiwa tuwe gatini baada ya sala ya Alfajiri, tukawa.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo tungependa wenye vyombo walisome, ingawa chombo chenyewe hatutakitaja. Mabaharia walikwisha kupakia mchele, sukari, mabati, godoro, na mitungi ya gesi. Baiskeli yetu ikatupwa juu ya rundo lililokuwa omo, ikafungwa kwa kamba. Chini ya rundo hilo, ilipotazamwa vizuri, yalikuwamo majaketi ya kujiokolea. Mama mmoja wa Faza, mtu mzima mwenye miwani, akasimama akasema kwa sauti ya upole: "Nahodha, mwanangu, tukizama utatuomba tusubiri ufungue kamba?" Nahodha akasema bahari ni shwari. Mama akajibu kwamba yeye hakuuliza habari za bahari. Hakuketi mpaka baiskeli iliposhushwa, majaketi yakatolewa, kila mtu akapewa lake, na watoto wakavishwa kwanza. Tulichelewa kwa robo saa. Wanaume wawili walinung'unika kuhusu maji ya Mkanda, lakini hakuna aliyelirudisha jaketi lake.

Sisi wenye baiskeli tulikuwa upande wa yule mama. Mzigo wetu ulikuwa na haki ya kusafiri, kwa maana tuliulipia, lakini si haki ya kukaa juu ya roho za watu. Zipo nchi zilizoliandikia jambo hili kanuni. Mjini London, katika treni za chini ya ardhi, baiskeli isiyokunjika huzuiwa saa za msongamano, bali ya kukunjwa huruhusiwa wakati wowote. Katika treni za vitongoji za Copenhagen baiskeli husafiri bure tangu mwaka 2010, na yamewekwa mabehewa yenye nafasi zake. Kwetu, hata kwenye feri ya Likoni, mwenye baiskeli hushuka akaisukuma pamoja na waendao kwa miguu. Vyombo vya Pate havihitaji mabehewa. Kulabu mbili ubavuni na bei moja ijulikanayo na wote zingetosha, ili mjane anayempelekea mwanawe baiskeli asitozwe kulingana na unyonge wa sauti yake.

Baada ya Manda Toto bahari hufunguka, na kaskazi ilikuwa ikivuma. Maji ya chumvi yaliturukia sisi na baiskeli bila kubagua. Tulipofika Mtangawanda, gatini palikuwa na pikipiki kadhaa zikisubiri abiria, na vijana wake walipoiona baiskeli walitutania: mafuta yake yanauzwa wapi? Mume wa binti yetu alikuwapo. Alirudisha pedeli, akanyoosha usukani, akapunguza upepo kidogo kwenye tairi ili zisizame mchangani, akatangulia nayo akipita Pate. Sisi tukafuata kwa pikipiki, tukampita, naye akatupungia mkono.

Siyu ni mji wa Bwana Mataka, mumewe Mwana Kupona, na ngome yake ingali imesimama kando ya mkono wa bahari. Mafundi wa ngozi bado wapo, na mmoja wao aliahidi kutengeneza mfuko wa ngozi wa kufungwa nyuma ya kiti, wa kutilia vitabu. Jioni ile baiskeli ilioshwa yote kwa maji baridi ya kisima, ikafutwa kwa kitambaa kikavu, na mnyororo ukatiwa mafuta ya cherehani, matone machache kwa kila kiungo. Kazi hiyo haifai kungoja kesho yake. Kutu ya chumvi huanza usiku huo huo, kwenye spoki na kwenye vichwa vya skurubu.

Binti yetu alijifunza katika uwanja ulio nyuma ya nyumba, baada ya Magharibi, watoto wa jirani wakimshikia kiti. Alianguka mara mbili. Siku ya nne alikwenda Shanga peke yake, kijiji kilicho karibu na magofu ambako wachimbuzi wa miaka ya 1980, wakiongozwa na Mark Horton, walikuta misingi ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Alituambia kwamba njia ina mahali pawili penye mchanga mwingi, ambapo hana budi kushuka na kusukuma. Kwingine kote hupanda, na mtoto huwa hajaamka bado usingizi wa pili anaporudi nyumbani.