Mwanangu alirudi na wino wa masizi

Mpenzi msomaji, kama ulipelekwa chuoni ukiwa mtoto, unaujua ubao wa mti, kalamu ya tete na kidau cha wino mweusi. Mimi nilisomea barazani kwa baba yangu, papa hapa Majengo, Meru. Wino tuliutengeneza wenyewe: masizi yaliyokwanguliwa kwenye kioo cha taa, yakachanganywa na gundi ya mti na maji. Unanakili aya ya mwalimu, unaisoma mpaka uihifadhi, unauosha ubao, unaanza nyingine. Baba alishikilia mtindo huo hata wenzake walipohamia ubao wa ukutani na chaki.

Nakueleza haya ili uelewe kilichotokea binti yangu aliporudi likizo kutoka China mwaka 2018.

Alikuwa akisomea uchoraji mjini Hangzhou kwa ufadhili. Sitakuficha, jambo lile halikunifurahisha. Wenzangu waliokuwa na watoto huko walisema wanasomea uhandisi ama udaktari. Mimi nikiulizwa, nilijibu "kuchora" kwa sauti ya chini, kisha nikauliza bei ya nyanya.

Siku ya pili alikuja barazani na mkoba wake. Akatoa jiwe jeusi lililochimbwa katikati kama kisahani, na kipande cha wino mkavu mfano wa mche mdogo wa sabuni. Akatia matone ya maji, akaanza kusaga polepole kwa kuzungusha. Baba, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupungua nguvu, aliinua kichwa kabla hajaambiwa neno.

"Hayo si masizi hayo?"

"Ni masizi, Babu. Ya msonobari, yamegandishwa kwa gundi."

"Lete hapa, mke wangu."

Akasaga yeye, vidole vikawa vyeusi tititi, mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Naam, siku hiyo ndipo nilipojua mwanangu anasomea nini hasa. Karatasi yao hutengenezwa kwa magome ya mti na mabua ya mpunga, nayo hunywa wino papo hapo. Ubao wetu hukuachia kosa lako ukalioshe. Karatasi ile haikuachii. Kwa hiyo mwanafunzi hunakili kazi za mabingwa wa kale mpaka mkono uzoee. Katika karne ya 6 mtaalamu wao mmoja, Xie He, aliandika kanuni sita za uchoraji, na ya mwisho ndiyo hiyo: kunakili waliotutangulia. Baba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wachina walikuwa chuoni kama sisi!

Lakini nao wana ugomvi wao. Mchoraji Wu Guanzhong, aliyewahi kusoma Ufaransa, aliandika mwaka 1992 kwamba brashi na wino ni sifuri. Maana yake, ustadi wa mkono peke yake, ukiutenga na picha yenyewe, hauna thamani. Mwaka 1998 mzee mwenzake, Zhang Ding, akamjibu kwamba brashi na wino ndio mpaka wa chini kabisa wa uchoraji wa Kichina; ukiuvuka, umetoka. Mimi ningesimama na Zhang Ding. Hata hivyo binti yangu alinikumbusha kwamba Wu mwenyewe alisomea Hangzhou hiyo hiyo, chini ya Pan Tianshou, bingwa wa mtindo wa kale. Alikuwa na cha kukiita sifuri.

Kisha akatukunjulia karatasi yake mwenyewe.

Kwa mbali ningeapa ni Kiarabu. Alifu zimesimama wima, nuni zina matumbo, nukta ziko mahali pake. Nikajaribu kusoma, nikashindwa. Hapakuwa na neno hata moja. Akasema ameigiza mfano wa Xu Bing, ambaye kuanzia mwaka 1987 alichonga kwenye mbao alama zipatazo 4,000 zinazofanana kabisa na maandishi ya Kichina, akazipiga chapa vitabu vizima, na hakuna Mchina awezaye kuzisoma.

Baba aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku.

"Mwandiko usiosomeka ni uwongo," alisema.

Hapo, msomaji wangu, nilimwacha mwanangu mkono. Nilimwambia akunje makaratasi yake na aache kumchosha mzee. Hakukunja. Aliuliza kwa adabu:

"Babu, kombe unaloandika kwa zafarani kwenye sahani, mgonjwa hulisoma?"

Nilitaka kumkemea. Baba akainua mkono kunizuia. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikasikia pikipiki zote za mtaa huu zikipita.

"Halisomi," alisema hatimaye. "Huliosha akalinywa. Lakini mimi najua nilichoandika. Wewe unajua ulichoandika?"

Binti yangu hakujibu.

Kesho yake asubuhi alishusha ubao wa zamani juu ya kabati, akaketi mkekani pamoja na watoto wa miaka sita. Alifanya hivyo siku zote zilizobaki za likizo. Baba hakuweza tena kuona herufi vizuri, ila alisikiliza mkwaruzo wa tete na kusahihisha kwa sikio: hapo umeharakisha, hapo umeinua kalamu kabla ya wakati. Sijui ni nani kati yao aliyefurahi zaidi. Mimi nilipika, nikapita pita pale bila sababu.

Baba alifariki mwaka 2020, na mjukuu wake akakosa mazishi kwa kuwa safari za ndege zilikuwa zimefungwa. Sasa yuko Nairobi, anafundisha watoto kuchora na kufanya kazi zake usiku. Hajaniomba radhi kwa swali lile, wala mimi sijamwomba radhi kwa kumwacha mkono. Tunasalimiana vizuri, tunaulizana hali.

Karatasi ile aliiacha kwangu. Iko juu ya kabati pamoja na ubao. Sijaitundika ukutani, maana mgeni akiniuliza imeandikwa nini sina jibu. Juzi niliikunjua tena, nikajikuta natafuta herufi kwa herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, kama nilivyofundishwa. Pembeni, kule chini, pana alama nyeusi ya kidole gumba, pana mno kuwa cha mwanangu.