Fiksi yangu ya Kilimanjaro imeishia Moosilauke

 Najua nimepotea, wiki mbili nzima sijaandika hata mstari. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana, si mchezo. Sasa imeisha, nimelala, nimeamka, na miguu inauma kama nimetoka kulima heka mbili. Hiyo miguu ndiyo nataka kuwasimulia. Ni hadithi yenye aibu ndani yake, kwa hiyo msicheke mapema.

Nianzie mbali kidogo. Wiki ya kwanza nilipofika huku New Hampshire tulikalishwa duara, wanafunzi wapya kama 20, kila mmoja aseme jina, anakotoka, na kitu kimoja cha kuvutia kuhusu yeye. Nikasema natoka Moshi, Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapo hapo dada mmoja akadakia: "Kweli? Umeupanda?" Nikaangalia zile sura zote zimenikodolea macho. Nikasema ndiyo. "Mpaka juu?" Mpaka juu.

Ndugu zangu, sijapanda. Kilimanjaro naujua kama unavyomjua mzee mkubwa wa mtaani kwenu: unamwona kila siku, unamwamkia, lakini hujawahi kuingia kwake. Asubuhi mawingu yakifunguka unaiona Kibo nyeupe kule juu, unaenda zako shule. Kiingilio cha wenyeji ni nafuu kuliko cha wageni, sawa, lakini kwetu nani angetoa hela ya makoti na viatu, na siku tano za kutembea bila kazi, eti ukaone barafu halafu urudi? Wanaopanda ni watalii. Wa kwetu wakipanda, wanapanda na mzigo wa mtu kichwani. Baba yangu mdogo alifanya upagazi miaka mingi, njia ya Marangu. Hadithi zote nilizowapa watu hapa bwenini, za kuondoka saa sita usiku, za maji kuganda kwenye chupa, za kichwa kuuma kama kinapasuka, ni zake. Nilimwibia tu.

Fiksi ikishatoka inabidi uilishe. Mpaka Desemba nilikuwa naitwa "yule wa Kilimanjaro".

Sasa kuna rafiki yangu wa chumba cha pili. Nitamwita Jirani. Amekulia Massachusetts, ameshapanda vilima vya huku wakati wa baridi mara tatu nne hivi, vyote vya ndani ya msitu. Mwezi huu wa Februari akaja na ramani: "Twende Moosilauke. Mita 1,464. Kwako wewe si kitu."

Nikapiga hesabu kichwani. Geti la Marangu, pale watalii wanaposhuka kwenye gari kabla hata hawajaanza kupanda, lipo mita 1,800 na ushee. Yaani kilele cha mlima wao kiko chini ya geti letu! Nikasema twende, hata kesho.

Kosa langu la kwanza hilo. Mlima hausomwi kwa mita peke yake. Kwetu tuko karibu na ikweta, msitu wa Kilimanjaro unapanda mpaka karibu mita 3,000. Huku tuko mbali sana kaskazini, miti inakata tamaa kwenye mita 1,400 tu. Juu ya hapo ni mawe, barafu na upepo. Jina lenyewe Moosilauke limetoka kwa wenyeji wa asili, Waabenaki, na inasemekana maana yake ni mahali penye kipara. Na katika safu hiyo hiyo ya milima, White Mountains, kuna Mount Washington, mita 1,917 tu, ambako Aprili 1934 walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Haya yote nimeyasoma baada ya kurudi.

Basi Jumamosi tukaondoka gizani na gari la mama yake. Wakati wa baridi barabara ya kwenda mwanzo wa njia haisafishwi, kwa hiyo unaegesha chini na kutembea kilomita mbili na zaidi kabla hujaanza mlima wenyewe. Nyuzi 14 chini ya sifuri. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinagandamana. Sitanii.

Jirani akanitolea viatu vya theluji alivyoazima. Kwa ambao hawajaviona: si viatu hasa, unavaa buti lako la kawaida halafu unalifunga juu ya kitu kama chekeche kubwa refu. Zamani wenyeji wa huku walikunja mti na kusuka kamba za ngozi katikati. Siku hizi ni bati jepesi la alumini na plastiki. Kazi yake ni kutawanya uzito wako, kama mguu wa bata kwenye matope, usizame. Kisigino kinabaki huru kuinuka, na chini kuna meno ya chuma ya kung'ata barafu. Rahisi kusema. Hatua ya kumi nikakanyaga mguu wangu mwenyewe nikala mweleka, uso ndani ya theluji, na begi juu ya kichwa.

"Kilimanjaro hamkuvaa hivi?" akauliza.

"Hapana, kule ni buti tu," nikajibu huku nimelala. Angalau hilo ni kweli.

Ukishazoea ni raha jamani. Unatembea miguu imeachana kidogo, kama mtu aliyetoka kupanda baiskeli ya kukodi. Njia ya Gorge Brook ina kama kilomita 6 mpaka juu, inafuata kijito. Maji huyaoni, unayasikia tu chini ya barafu yakiongea peke yao. Miti yote ni ile ya Krismasi, imebebeshwa theluji mpaka matawi yanagusa chini. Nikatoka nje ya njia kidogo kupiga picha, nikadidimia mpaka kwenye paja, na chekeche langu likanasa chini huko kwenye matawi. Kumbe theluji inafunika miti midogo mizima, na kuzunguka shina panabaki uwazi. Jirani alinichimbua kwa mikono dakika tano nzima. Akasema, "Nilidhani ungejua." Nikazuga nacheka.

Kosa la pili: nilivaa fulana ya pamba ndani. Jirani kila tukipanda mwinuko anavua koti, tukisimama analivaa. Mimi nikaona ananisumbua, nikabaki na koti langu tu, na jasho likanitoka kama niko stendi ya Ubungo mwezi wa kwanza. Pamba ikilowa haikauki, inakushikilia maji ya baridi mgongoni. Sufu ingelowa na bado ikakupa joto. Chupa yangu ya maji nayo mdomo uliganda. Ya kwake aliiweka kichwa chini miguu juu, maana maji yanaanza kuganda juu, hivyo barafu ikakaa upande wa kitako na mdomo ukabaki wazi. Kitu kidogo kama hicho.

Tulipokaribia mwisho wa miti, miti yenyewe ilikuwa inanifika kiunoni, imepindishwa yote upande mmoja. Tukasimama nyuma ya kichaka cha mwisho. Mbele yetu kulikuwa na marundo ya mawe yanayoonyesha njia, matatu yanaonekana, la nne linaonekana na kupotea. Theluji ilikuwa inakimbia chini chini juu ya ardhi kama moshi. Ule upepo ulikuwa na sauti ya lori linalopanda mlima ambalo halifiki.

Jirani akajifunga skafu, akanisogelea sikioni. "Tuangaliane usoni. Ukiona doa jeupe kwangu niambie mara moja. Wewe unajua." Nikatikisa kichwa kwamba najua. Nilikuwa sijui.

Tukatoka. Hatua mia, labda mia mbili. Mgongo wangu, pale palipolowa, sikuuhisi tena kama baridi, niliuhisi kama mtu amenibandika bamba la chuma. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeacha kuuma, na mimi nikafurahi vimeacha kuuma. Jirani akageuka kuniangalia na mimi nikamwangalia. Shavuni, juu kidogo ya skafu, alikuwa na alama nyeupe, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Nikajiambia ni theluji imeshika. Sikusema kitu.

Tukafika rundo la mawe la tatu. Akasimama. Akapiga kelele ili nisikie: "Tuendelee au tugeuke? Sema wewe. Mimi sijawahi kupita miti. Wewe umefika mita 5,895!"

Nilimkumbuka baba mdogo. Aliwahi kuniambia watalii wanaosumbua si wale wanaolalamika. Wanaolalamika unawapa maji, unawapumzisha, unawarudisha. Anayesumbua ni yule aliyeulizwa unajisikiaje akasema safi, kumbe kichwa kinapasuka tangu jana. Huyo ndiye wanayekuja kumbeba kwa machela usiku.

Nikamwambia. Pale pale, kwa kelele, maana kwenye upepo ule huwezi kuungama kwa sauti ya chini. "Sijawahi! Sijapanda Kilimanjaro! Nilidanganya!"

Akasema "Nini?" Jamani, ikabidi nirudie. Nikaongeza: "Na una doa jeupe shavuni, nimeliona muda, sikujua ni nini!"

Alinitazama kwa sekunde kama tatu. Halafu akavua glavu, akafunika shavu kwa kiganja, akageuka kushuka. Hakusema neno. Kileleni palikuwa hapo hapo tu, angalau kwa ramani. Hatukupaona.

Ndani ya miti upepo ulikatika kama umefunga mlango. Akaniambia nivue fulana ya pamba, akanipa ya kwake ya akiba ya sufu. Kubadili nguo nje kwenye baridi ile sitakusahau maisha yangu yote. Vidole vyangu nikaviweka kwapani, vikaanza kurudi, na kurudi kwake ndiko kunakouma, nililia machozi kabisa. Shavu lake likawa jekundu, akasema ni dalili nzuri, ngozi ya juu tu ndiyo iliyoguswa. Nyuzi 15 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 60 kwa saa, mwili unaona kama nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa hali hiyo nusu saa ni nyingi kwa ngozi iliyo wazi. Hilo nalo nimelijua sasa.

Njia nzima ya kushuka alitangulia, mimi nyuma, bila maongezi. Nilisikia tu meno ya viatu yakitafuna theluji, kwacha, kwacha. Nilitunga maneno ya kuomba radhi kwa Kiingereza nikayafuta, nikayatunga tena.

Ndani ya gari, hita inaunguruma, ndipo akaongea. "Unajua kilichoniudhi? Mimi nilitaka kugeuka tangu kwenye kile kichaka. Niliogopa. Nikasema huyu mtu wa Kilimanjaro atanicheka."

Nilikosa la kusema. Maana mimi nilitaka kugeuka tangu kwenye kichaka hicho hicho, na niliogopa kusema kwa sababu mtu wa Kilimanjaro haogopi kamlima. Kwa hiyo pale juu tulikuwa watu wawili wanaotaka kurudi, na kila mmoja anamsukuma mwenzake mbele kwa kunyamaza. Na aliyetusukuma wote wawili hayupo, nilimtunga mimi wiki ya kwanza, kwenye duara.

Nikamwambia samahani. Akasema sawa, lakini akasema pia, "Ungeniambia tangu mwanzo ningekufundisha." Tulisimama njiani tukanywa supu ya moto. Akaniuliza, sasa ukweli ni upi? Nikamweleza habari za baba mdogo. Alisikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza zile fiksi.

Jana nikapiga simu nyumbani. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwaga yote. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Hata mimi sijapanda, na nimezaliwa huku!" Kisha akampa simu baba mdogo. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: yeye kileleni alifika mara ngapi? Akasema hata mara moja. Kazi ya mpagazi inaishia Kibo Hut, mita 4,700 na kitu. Pale wanabaki kulinda vitu na kupika uji, mgeni anapanda na mwongozaji. Miaka yote ile! Nikamuuliza, watu wakikuuliza unawajibuje? Akasema, "Nawaambia nimefika Kibo Hut. Kwani kuna ubaya gani?"

Halafu akataka nimweleze hivyo viatu vya chekeche vinafungwaje.

Jirani leo asubuhi amegonga mlango. Shavu linabanduka ngozi kama amechomwa na jua. Kasema kuna kilima kimoja kifupi, chote msitu, wiki ijayo, na kaniuliza kama nina nguo ya ndani ya sufu. Nimemjibu sina. Kasema atanitafutia.

Haya, ngoja nikamalizie ripoti ya maabara, kesho asubuhi inadaiwa. Na yule dada wa kwenye duara tunasoma naye kemia. Naye itabidi nimwambie. Tuko pamoja.